Uzi: Mwanaume "mtafutaji" alitoka wapi? Tuwasome Marx, Engels na wasomi waliowafuata

Karani wa Kurasini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani haipiti wiki bila uzi wa mwanaume aliyeachishwa kazi akaona nyumba imembadilikia. Majibu huwa ni yaleyale. Mmoja atasema mwanaume ni kutafuta, pambana. Mwingine atasema wanawake wa siku hizi hawana heshima. Hao wawili watagombana kurasa kumi, lakini kuna jambo wamekubaliana bila hata kulijadili: kwamba mwanaume mtafutaji, anayetoka asubuhi na kurudi na fedha ya kulisha nyumba nzima peke yake, yupo tangu enzi za mababu.

Msimamo wangu ni huu. Mwanaume anayepimwa kwa mshahara ametengenezwa, tena si zamani sana, na tunaweza kutaja miaka na mahali. Wasomi wa Kimaksi, yaani wanaofuata mawazo ya Karl Marx, ndio waliotupa njia ya kuliona hilo. Lakini haohao, kwa vizazi kadhaa, waliandika "mfanyakazi" wakiwa na sura ya mwanaume kichwani, na aliyempikia, aliyemfulia na kumlelea watoto akabaki nje ya hesabu. Naomba tuyaangalie yote mawili.

Tuanze na Friedrich Engels, rafiki na mshirika wa Marx. Mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka 24, alitoa kitabu kuhusu hali ya tabaka la wafanyakazi Uingereza. Familia yao ilikuwa na hisa kwenye kiwanda cha pamba Manchester, na yeye alikaa huko karibu miaka miwili, akiingia mitaa ambayo matajiri wenzake hawakuikanyaga. Ndani ya kitabu hicho kuna kisa alichokipata kwenye barua. Mfanyakazi mmoja, Joe, yuko njiani anatafuta kazi. Anafika St. Helens, Lancashire, anaulizia rafiki yake wa zamani, Jack. Anamkuta kwenye chumba cha chini ya ardhi, chenye unyevu, hakina vyombo vya maana. Jack amekaa anashona soksi za mkewe zilizotoboka. Kuona mgeni mlangoni, anazificha haraka.

Kisha anajieleza. Anajua hiyo si kazi yake, lakini mke yuko kiwandani. Anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi saa mbili usiku akiwa hoi, hawezi kushika kitu. Yeye Jack hana kazi zaidi ya miaka mitatu. Kazi za wanawake na watoto zipo tele mjini, za wanaume hakuna. Anasema mke amekuwa ndiye mwanaume wa nyumba na yeye ndiye mwanamke. Halafu analia.

Tazameni kile kitendo cha kuficha soksi. Hakuna aliyemkaripia Jack wala aliyemcheka. Mgeni ni rafiki, tena naye hana kazi vilevile. Lakini mkono umeficha kabla hata ya salamu. Mimi nadhani nadharia nzima ya uanaume iko hapo.

Engels anaanza kwa uchungu wa kijana wa zama zake: anasema hali hii inamvua mwanaume uanaume na mwanamke uanamke. Angeishia hapo, angekuwa sawa na wahubiri wa siku zile waliotaka wanawake warudishwe jikoni. Lakini hakuishia hapo. Anasema kama mke kumtawala mume kwa sababu ya kiwanda ni jambo lisilo la kibinadamu, basi na ule utawala wa zamani wa mume juu ya mke nao haukuwa wa kibinadamu. Na kama leo mke anaweza kujiona mkubwa kwa kuwa yeye ndiye analeta fedha, basi hata jana ukubwa wa mume ulikuwa wa fedha hiyohiyo, na familia inayosimama juu ya nani kaleta nyingi haijasimama juu ya upendo.

Mwaka 1845 hiyo! Nimewasikia watu wakisema suala la jinsia limeingizwa kwenye Umaksi miaka ya juzi. Wafungue kitabu hicho.

Marx naye, katika juzuu ya kwanza ya *Mtaji*, 1867, sura ya mashine, anaeleza utaratibu wenyewe. Zamani bei ya nguvu-kazi ya mwanaume, yaani uwezo wake wa kufanya kazi anaouuza kwa tajiri, ilihesabiwa iweze kumtunza yeye na familia. Mashine ikaondoa haja ya misuli, mke na watoto wakaingia kiwandani, na bei ile moja ikagawanywa kwa watu wote wa nyumba. Tajiri anapata siku nne za kazi badala ya moja, na jumla ya mishahara minne haiongezeki mara nne. Halafu Marx anatoa hukumu kali: mwanaume aliyekuwa akiuza nguvu zake mwenyewe sasa anauza mke na watoto, amekuwa mfanyabiashara ya watumwa. Lakini mbele kidogo kwenye sura hiyohiyo anasema viwanda hivyo hivyo, kwa kumpa mwanamke nafasi katika uzalishaji nje ya nyumba, vinajenga msingi wa familia ya aina iliyo bora zaidi. Hakuona kwamba dawa ni kumrudisha mwanamke nyumbani.

Walioona hivyo ni wengi wa viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Uingereza ilikwisha kupitisha sheria ya migodi mwaka 1842 iliyowakataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi. Miaka ya 1870 Henry Broadhurst, katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alitamka wazi kwamba lengo ni mwanaume apate mshahara utakaomwezesha mke na binti kubaki nyumbani, mahali alipoona panawafaa. Huo ndio mshahara wa familia. Kumbukeni jina hilo, tutalikuta Mombasa.

Baadaye kuna Antonio Gramsci, mwanafikra wa Kimaksi wa Italia, ambaye mimi namwona amekwenda mbali kuliko wote wa kizazi chake. Alikamatwa na serikali ya Mussolini Novemba 1926, na daftari lake kuhusu Umarekani na Ufordi aliliandika mwaka 1934 akiwa mfungwa. Henry Ford, tajiri wa viwanda vya magari Marekani, alikuwa ametangaza, Januari 1914, malipo ya dola 5 kwa siku ya saa nane, karibu mara mbili ya kawaida. Lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa na masharti. Kampuni ilikuwa na idara nzima ya wakaguzi waliokwenda hadi majumbani kuangalia: una mke? Unakaa naye kweli? Unakunywa pombe? Nyumba ni safi? Mwanaume aliyeoa na kutunza familia alifuzu, mhuni akakatwa. Gramsci akaelewa kwamba hapo kiwanda hakinunui saa nane tu, kinatengeneza aina ya mwanaume. Kazi ya mkanda wa kuunganisha magari inahitaji mtu asiyelewa, asiyehangaika usiku, anayerudi kesho. Ndoa ikawa sehemu ya mashine.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1991 mwanazuoni wa siasa Christine Di Stefano aliwasoma wanafalsafa Hobbes, Mill na Marx kwa swali hili: ni mwanaume wa namna gani amejificha ndani ya nadharia zao? Kwa Marx jibu lake ni kwamba binadamu anajiumba mwenyewe kwa kazi. Anageuza maumbile, na kwa kuyageuza anajigeuza. Ni picha nzuri, lakini ndani yake mama hayupo. Huyo anayejiumba alizaliwa na nani, alinyonya kwa nani, nani alimfundisha kutembea kabla hajashika nyundo? Kazi hiyo imewekwa kwenye maumbile, kama mvua. Naikubali lawama hiyo. Mtu mzima mwenye mikono miwili, asiyemtegemea yeyote, ndiye huyohuyo Jack anayejiona si kitu siku mikono yake inaposhika soksi.

Karibuni.

Jembe la Ileje

Mkuu mleta mada, umeandika vizuri lakini naona unachanganya mafaili. Umaksi ni tabaka. Tajiri na mfanyakazi, basi. Ukianza kuleta mume na mke unawagawa wafanyakazi nusu kwa nusu, na tajiri anafurahi. Haya mambo ya jinsia ni ya vyuo vya Ulaya na Marekani. Mzee Marx mwenyewe alikuwa na mke nyumbani na mtumishi, hakuona tatizo.

Karani wa Kurasini

Ndugu yangu Jembe, kuhusu nyumba yake uko sahihi kabisa, na halifichwi na mtu. Jenny von Westphalen ndiye aliyenakili miswada yake kwa sababu mwandiko wa Marx wachapaji hawakuuweza. Helene Demuth, mtumishi wao, aliitumikia nyumba hiyo miaka mingi. Kazi za wanawake hao wawili zimo ndani ya kila ukurasa.

Lakini kusema hakuona tatizo, hapana. Mwaka 1846 Marx alichapisha makala kuhusu kujiua, akitumia kumbukumbu za Peuchet, aliyekuwa mtunza nyaraka wa polisi Paris. Kati ya visa vinne, vitatu ni vya wanawake. Kimoja ni cha mke aliyefungiwa ndani na mume mwenye wivu hadi akajitupa mtoni. Marx anaandika kwamba mume yule alimchukulia mkewe kama mali, kama bahili na kasha lake la fedha. Mke wa mtu mwenye uwezo huyo, hana uhusiano wowote na kiwanda. Marx aliona ndani ya nyumba ya tabaka la juu kuna utawala ambao mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 hayakuugusa. Na Heather Brown, katika utafiti wake wa 2012, amepitia maandishi yote ya Marx kuhusu familia, hadi madaftari ya mwisho ya 1880 hadi 1882, akaonyesha kwamba swali hili halikumtoka kichwani.

Kugawa wafanyakazi? Waliogawanyika ni wale waliokubali dada yao alipwe nusu kwa kazi ileile, wakidhani wanailinda heshima yao. Tajiri alifurahi siku hiyo.

Wakili wa Kata

Naomba niingize la kwetu, la kisheria, kwa kuwa naona linahusiana moja kwa moja.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inasema ni wajibu wa mume kumtunza mke au wake zake kwa kadiri ya uwezo wake. Wajibu wa mke kumtunza mume upo, lakini pale tu mume anapokuwa hajiwezi na mke ana uwezo. Kwa hiyo mwanaume mtafutaji yuko ndani ya sheria, kwa maandishi.

Sasa sheria hiyohiyo inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Mabishano yakawa: mke aliyekaa nyumbani kupika na kulea alichuma nini? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Mama yule rufaa yake haikufaulu kwa sababu nyingine za shauri lake, lakini kanuni ikabaki, na mpaka leo mawakili tunaitumia.

Mwaka 1972, Mariarosa Dalla Costa wa Italia na Selma James walikuwa wameandika kwamba mke wa nyumbani anazalisha bidhaa muhimu kuliko zote katika ubepari, yaani nguvu-kazi yenyewe. Silvia Federici akaendeleza mwaka 1975 kwa kudai kazi hiyo ilipwe. Sidai majaji wetu walikuwa wanawasoma hao. Lakini swali lilikuwa moja, na lilifika mbele ya majaji wa Dar es Salaam likiwa na jina la mtu, nyumba, na miaka ya ndoa.

Kilindini Mzawa

Salaam aleikum wote. Mimi ni wa Mombasa, baba na babu wote bandarini.

Bwana Karani, nina pingamizi moja kubwa. Wasema mwanaume mtafutaji ametengenezwa na mshahara. Sisi huku pwani, kabla ya reli, kabla ya Mwingereza, nafaqa ya mke ilikuwa juu ya mume. Chakula, mavazi, makao. Hiyo ni sheria ya dini, ina zaidi ya miaka elfu. Hakuna kiwanda hapo. Wasemaje?

Na niongeze jambo ambalo wengi hawalijui, hata waume wanaopenda kuitaja nafaqa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani, mke halazimiki kisheria kupika na kufua. Akifanya ni ihsani yake. Mali yake ni yake, mume hana haki kuigusa. Nafaqa haikuja na ule mkataba wa "mimi nalisha, wewe unanitumikia". Huo wametoa wapi, sijui.

Karani wa Kurasini

Wa aleikum salaam. Bwana Kilindini, umelipeleka suala mbele kuliko nilivyoliacha mimi.

Wajibu wa mume kutunza ni wa kale, na si kwa Waislamu tu. Kilichokuja na mshahara ni kingine. Kwanza, utunzaji ukageuka kuwa fedha ya mwisho wa mwezi, ambayo mwenyewe huitawali, anaitawala mwajiri. Mvuvi aliyerudi bila samaki alikuwa mvuvi bado. Aliyepunguzwa kazini kesho yake hana jina. Pili, ndiyo hiyo uliyoitaja: mke ambaye kwenye fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ana mali yake na halazimiki jiko, kwenye hesabu za mshahara wa familia anaandikwa "mtegemezi". Kazi zake zinafutwa kwa neno hilo moja.

Na kwa kuwa unatoka bandarini, mkataba unaouliza umetoka wapi, kwa sehemu umeandikwa kwenu. Frederick Cooper alitoa mwaka 1987 utafiti wake kuhusu makuli wa Mombasa. Hadi vita ya pili ya dunia, bandari iliendeshwa kwa vibarua. Mtu anakwenda siku anayotaka, analipwa kwa siku, siku nyingine yuko shambani au kwenye biashara yake. Wakoloni walimwita mvivu. Wale wa mkataba wa mwezi, waliotoka bara, walilipwa mshahara wa bachela: wa kumtosha mwanaume mmoja na kitanda, kwa hesabu kwamba mkewe kijijini anajilimia. Yaani jembe la mwanamke wa bara ndilo lililofidia mshahara wa Mombasa. Harold Wolpe alilieleza hilo kwa Afrika Kusini mwaka 1972, na Claude Meillassoux akaliandikia kitabu mwaka 1975: mtaji unanyonya kazi ya nyumba ya kijijini bila kuilipia hata senti.

Januari 1947 Mombasa nzima ikagoma. Wafanyakazi kama 15,000, siku kumi na mbili, mikutano ikifanyika Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia aliibuka kuongoza shirikisho lao, na kabla mwaka haujaisha serikali ikamkamata na kumhamishia mbali. Wakubwa waliogopa. Wakafikia uamuzi kwamba kibarua asiye na mizizi mjini ni hatari, anayefaa ni mfanyakazi wa kudumu mwenye mke na watoto hapohapo mjini, mwenye kitu cha kupoteza. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ikapendekeza Kenya iondoke kwenye mshahara wa bachela, iende hatua kwa hatua kwenye mshahara wa familia.

Ukiisoma kama Gramsci, unamwona Ford amefika Kilindini. Ni haki wafanyakazi waliyoipigania, fedha ilikuwa ndogo mno. Lakini ilikuja na kielelezo cha mwanaume: huyo wa kudumu, mtulivu, kichwa cha nyumba.

Nairobi mambo yalikuwa mengine, na hapa namheshimu sana Luise White kwa kitabu chake cha 1990. Aliwahoji wanawake wazee waliouza miili Pumwani na mitaa ya jirani. Anaonyesha kwamba baadhi yao, hasa wale wa kukaa chumbani, waliuza zaidi ya tendo. Waliuza chai, chakula, maji ya kuoga, kitanda, mazungumzo. Ndivyo vitu vyote ambavyo mshahara wa bachela haukulipia. Mwanaume wa kazi alipata nyumba kwa masaa. Na baadhi ya wanawake wale wakajenga majumba kwa fedha hiyo, wakawa wenye nyumba wa hao wanaume. Ukitafuta nani alikuwa mtafutaji Pumwani, jibu si jepesi.

Mama Tumaini

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa nimeshindwa.

Kaka Karani, mbona hujalitaja Azimio la Arusha? Sisi tuliosoma siasa shuleni tunalijua. Mwalimu mwaka 1967 alipima saa za kazi. Akasema wa mshahara anafanya saa saba na nusu au nane kwa siku na ana likizo. Akasema mwanamke wa kijijini anafanya saa 12 hadi 14, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba hao ndio wanaofanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania. Wanaume wa vijijini akasema wako likizo nusu ya maisha yao. Lilisemwa na Rais wa nchi, kwenye hati ya chama, mbele ya wanaume haohao.

Nauza mboga sokoni, naamka saa tisa usiku. Mume wangu anafahamika mtaani kama mtafutaji. Simsemi vibaya, anajitahidi. Lakini nikiulizwa kazi kwenye fomu za shule za watoto, mwalimu kaandika "mama wa nyumbani" kabla sijajibu.

Karani wa Kurasini

Dada, asante kwa kulileta, maana hiyo hati ni ya kipekee. Sijui kiongozi mwingine wa kijamaa wa wakati ule aliyeanza hesabu ya kazi ya taifa kwa kuhesabu saa za mwanamke wa shamba. Na katika andiko la Ujamaa Vijijini, mwaka huohuo, Mwalimu alikiri kwamba jamii ya jadi aliyoitukuza ilikuwa na dosari hiyo: mwanamke aliwekwa chini.

Lakini uchungu uko hapa. Tiba aliyoandika ni wanaume waongeze juhudi. Nani anamiliki mazao na nani anapokea fedha, halikupata uzito uleule. James Brain, aliyeifahamu mipango ya makazi ya miaka ya 1960, aliandika mwaka 1976 kwamba mwanamke alilima sawa na mume, lakini ardhi na malipo vikapita kwa mume kama mkuu wa kaya, na akiachika au kufiwa hana chake. Ujamaa ulimwona kwa jicho la saa za kazi, ukampoteza kwenye daftari la malipo. Kina Marjorie Mbilinyi wametumia miaka mingi kulionyesha hilo, na bado tunapanga mambo kwa "mkuu wa kaya".

Hilo la fomu ya shule, samahani, limenikasirisha.

Msomi wa Mlimani

Nichangie kwa ufupi kuhusu mjadala wa kitaalamu, kwa sababu mleta mada ameegemea upande mmoja.

Heidi Hartmann, 1979, alisema mshahara wa familia ulikuwa mapatano kati ya tajiri na mwanaume mfanyakazi: tajiri anapata mfanyakazi aliyetunzwa vizuri, mwanaume anapata mtumishi nyumbani, gharama analipa mwanamke. Lakini Jane Humphries, miaka miwili kabla, alikuwa ameandika tofauti. Kwamba familia ya mfanyakazi ilikuwa ngome. Kumtoa mke sokoni kulipunguza wingi wa wauza nguvu-kazi na kukapandisha mishahara, na ndani ya nyumba wazee, wagonjwa na watoto wakapata matunzo ambayo tajiri na serikali hawakuyatoa. Wanawake wengi wenyewe walilitaka. Ukimlaumu Jack peke yake unakuwa umemsahau aliyemfungia mlango wa kiwanda.

Kijana Tandika

Naomba kuuliza wakuu. Mimi niko mtaani, shule nimeishia kidato cha nne, naendesha boda ya mtu. Hesabu ya bosi kwa siku ikitoka kinachobaki hakitoshi hata kuoa. Hawa wasomi wamesema chochote kuhusu sisi ambao huo mshahara wa familia hatujawahi hata kuuona? Maana naona mnajadili wanaume waliokuwa nao wakaupoteza.

Karani wa Kurasini

Mdogo wangu Tandika, swali lako ndilo la maana kuliko yote kwenye uzi huu.

Wamesema. Paul Willis, 1977, alikaa na vijana kumi na wawili wa shule moja katikati ya Uingereza, watoto wa wafanyakazi. Waliwadharau waliosoma kwa bidii, wakawaona laini, si wanaume kamili. Kazi ya mikono, jasho, ubishi, ndio uanaume. Kwa hiyo walikwenda kwenye kazi za chini kwa miguu yao, wakijiona wameshinda. Hakuna aliyewasukuma. Uanaume wao ndio uliofanya kazi ya mwajiri. Willis hakuwadharau. Anaonyesha kwamba walijua jambo la kweli: vyeti vingi vinavyoahidiwa watoto wa maskini ni ahadi tupu. Walichokosea ni jibu.

Raewyn Connell wa Australia, katika kitabu chake cha 1995, alichukua wazo la Gramsci la hejemoni, yaani utawala unaokubalika bila kutumia nguvu, akaonyesha kwamba uanaume hauko wa aina moja. Kuna ule unaotawala, ambao wanaume wachache wanaufikia, lakini karibu wote wanapimwa nao, na wengi wanapata faida ndogo kwa kuuunga mkono. Aliwahoji vijana wasio na ajira ya kudumu, akaona wanavyojenga uanaume wa upinzani kwa pikipiki, ugomvi na kujionyesha, kwa sababu mlango wa mshahara umefungwa.

Na karibu yetu zaidi, Margrethe Silberschmidt alitafiti Kisii na baadaye hapahapa Dar es Salaam. Andiko lake la 2001 linasema wazi: mfumo wa kikoloni na wa baada yake umemwachia mwanaume cheo cha kichwa cha nyumba, lakini umemnyang'anya uwezo wa kukitimiza. Wengi wakatafuta heshima kwa wingi wa wanawake na kwa ngumi. Hiyo ngumi inamwangukia nani tunajua.

Sikwambii uridhike. Nasema kipimo unachojipimia kiliandikwa kwa mfanyakazi wa kudumu ambaye uchumi wa leo haumtengenezi tena. Bosi wa boda hakulipi mshahara wa familia wala wa bachela, anakukodisha chombo na hatari yote umeibeba wewe. Hapo ndipo hasira inapotakiwa kwenda, isiishie kwa msichana aliyekuuliza una nini.

Msomi wa Mlimani, nakubali nusu. Humphries ana haki kwamba familia ilikuwa kinga na kwamba wanawake walikuwa na sababu zao. Lakini ngome hiyo ilikuwa na funguo moja, na aliyeishika ni mmoja. Na kuna ushahidi wa Nigeria unaonifanya niegemee kwa Hartmann. Mwaka 1945 wafanyakazi wa serikali na reli waligoma zaidi ya mwezi, wakidai nyongeza, na hoja yao mojawapo ikiwa kwamba wao ndio wanaolisha wake na watoto. Lisa Lindsay ameonyesha walivyoweza kukaa muda wote huo bila mshahara: wake zao walikuwa wafanyabiashara, na wanawake wa sokoni waliwapa vyakula kwa mkopo. Waliolisha mgomo ndio walioandikwa kwenye madai kama watu wa kulishwa. Katika kila mgomo ninaousoma sasa, swali langu la kwanza ni hilo: siku zile kumi na mbili za Mombasa, chakula kilitoka wapi?

Ndiyo maana Bwana Kilindini naomba msaada wako. Habari za mikutano ya Kiwanja cha Maskini zimeandikwa vizuri. Za majiko hazijafika kwangu.

Kilindini Mzawa

Hilo naliweza. Nyanya alikuwa akipika mahamri na mbaazi Majengo, na wateja wake walikuwa watu wa bandari. Daftari la madeni alikuwa nalo, hajui kusoma ila akiweka alama kwa kila mtu. Yeye ametangulia mbele ya haki, lakini shoga yake mmoja bado yu hai na akili zake timamu. Ijumaa baada ya swala nitapita kwake na simu nirekodi. Nitamuuliza nani alikopa, kwa muda gani, na nani hakulipa. Nikipata nitaweka hapahapa.

Mama Tumaini

Muulize pia yeye mtaji wa unga aliupata wapi.